Nyota, Vistari na Koki Nyekundu

Jumatatu, 15 Juni

Siku kubwa. Hatimaye ofisi hii ya maji imetambua kwamba ina mtu mwenye akili. Imechukua miaka sita.

Asubuhi Mkurugenzi alituita mimi na mwenzangu, yaani kitengo kizima cha tovuti. Mwenzangu ni mama mwembamba, mpole, ambaye hatoi programu yoyote mpaka ameipima mara tatu. Katika shajara hii nitamwita Bibi Vipimo. Hata chai yake huionja kwa kijiko kabla ya kuinywa.

Mkurugenzi akaeleza. Fundi Mkuu wa pampu anastaafu tarehe thelathini. Mama huyo amekaa na zile mashine miaka thelathini na mmoja. Yote anayoyajua yamo kichwani mwake na katika kurasa sitini na nne alizozichapa mwenyewe, kwa vidole viwili, ndani ya tovuti ya ofisi. Tatizo ni kwamba kurasa hizo hazisomeki. Ukuta mtupu wa maneno, hauna dirisha wala mlango. Kwa hiyo anataka tovuti ielewe alama za mtindo wa wiki, zile tovuti zinazoandikwa na wasomaji wenyewe. Ukiweka neno kati ya nyota mbili, linatoka kwa herufi nzito. Ukiweka mstari kati ya alama za sawasawa, unakuwa kichwa cha habari. Ukiweka jina la ukurasa ndani ya mabano ya mraba, linakuwa kiungo, ukikibofya unafika. Mshika zamu aone hatua zake, azifuate, maji yatoke. Basi.

Kisha akakohoa, akasema kiti cha Mkuu wa Kitengo bado kiko wazi, na kwamba anaangalia.

Anaangalia! Na mimi ndiye niliyekaa mbele yake.

Bibi Vipimo akasema hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Tovuti yetu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na Python ina maktaba nyingi za kugeuza alama kama hizo. Tupakue moja, tuiunganishe, tuipime. Mkurugenzi akauliza kama maktaba hiyo hufunguliwa Jumamosi. Ikabidi aelezwe kwamba kwetu maktaba si jengo, ni programu iliyokwisha kuandikwa na watu wengine.

Watu wengine! Nikauona mlango umefunguka. Nikasema kwa sauti nzito kwamba ofisi yenye heshima zake haivai mitumba. Nitaandika yetu wenyewe, kuanzia herufi ya kwanza. Siku tano tu.

Mkurugenzi alilipenda sana neno "yetu". Bibi Vipimo alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyepanda juu ya kabati.

Jumanne, 16 Juni

Nimeanza. Kazi nyepesi mno, inakaribia kunitukana.

Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza nyota. Nimetunga fomula moja ya kuzitafuta, mstari mmoja tu, unafanana na mdudu aliyekanyagwa. Ukitazama haraka huelewi. Ukitazama polepole huelewi zaidi. Hiyo ndiyo dalili ya kazi ya bingwa.

Bibi Vipimo akapita na kikombe chake. Akauliza kwa upole fomula itafanya nini ikikutana na nyota ambazo hazina wenzao. Nikamjibu kwamba katika kurasa za maana kila nyota ina mwenzake. Akauliza kama nimezisoma hizo kurasa sitini na nne.

Nizisome za nini? Kinyozi hakisomi kichwa, anakinyoa.

Akaenda zake. Nilimwona akiandika kitu kwenye kijidaftari. Wivu ule. Una mwandiko mdogo mdogo.

Jumatano, 17 Juni

Vichwa vya habari tayari. Orodha tayari. Nikabaki na nusu siku mikononi, na mtu wa kawaida angekwenda nyumbani.

Mimi nikaongeza alama yangu mwenyewe! Vistari viwili. Ukiviweka kabla na baada ya maneno, maneno yanatoka yamekatwa mstari katikati, kama yaliyofutwa. Hakuna aliyeiomba. Hapo ndipo mtu mkubwa anapojulikana. Mdogo hutoa alichoagizwa, mkubwa hutoa ambacho hakuna aliyekiwaza.

Nimejaribu kwa sentensi "Bibi Vipimo ana akili". Ikakatika vizuri sana. Nimecheka peke yangu mpaka mhudumu wa ofisi akaja kuuliza kama naumwa.

Alhamisi, 18 Juni

Uchokozi! Hujuma ndani ya nyumba!

Saa tatu nimefungua ukurasa wangu wa majaribio. Badala ya maneno yangu, kikaruka kisanduku katikati ya kioo cha kompyuta: "Mlango uko wazi. Nimepita." Nikabofya kuondoa, kikarudi. Nikabofya tena, kikarudi tena. Binti wa mapokezi, aliyefungua ukurasa huohuo, naye akapiga kelele kwamba kompyuta yake imemsalimia.

Nikajua ni nani. Nilimfuata mezani kwake. Hakukana hata kidogo! Akasema programu yangu inachukua lolote lililoandikwa na kulipeleka kwenye kivinjari kama lilivyo. Kwa hiyo mtu akiandika amri badala ya maneno, kivinjari kinaitii. Yeye ameandika salamu tu. Mwingine ataandika wizi wa nywila. Akasema maktaba zote za maana huziba tundu hilo siku ya kwanza, na akanionyesha jinsi ya kuliziba.

Nilimwambia kwamba mtu mwenye adabu hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi.

Nimeliziba tundu kwa njia yake, lakini jioni, alipokwisha kuondoka, na nimebadilisha majina ili ionekane njia yangu.

Ijumaa, 19 Juni

Siku ya tano. Nimebakiza viungo tu. Viungo vimenitoa jasho.

Kila kiungo nilichobofya kilinipeleka kwenye ukurasa wa maombi ya likizo. Kiungo cha mota: likizo. Kiungo cha tangi la juu: likizo. Jioni nikakiita kiungo kimoja "mama yako" kwa hasira, nikakibofya. Likizo.

Nimefika nyumbani nimenuna. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili sasa, amekuja kutibiwa macho. Mke wangu akauliza mezani kulikoni. Nikajibu kwa ufupi kwamba viungo vyangu vyote vimevunjika, hata kimoja hakifanyi kazi.

Mama mkwe akaacha kula, akaingia chumbani, akarudi na chupa ya dawa ya kuchua. Kabla sijajieleza alikuwa amenishika goti. Nikasema hapana mama, ni viungo vya wiki. Akasema hata vikiwa vya mwaka, baba, dawa hii inavifikia.

Mke wangu alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilinuka dawa hiyo mpaka nikaenda kulala. Nimezungukwa na watu ambao hawajui hata wanachokicheka.

Jumatatu, 22 Juni

Viungo vimekubali. Kosa lilikuwa herufi moja. Sitasema ni ya nani.

Lakini leo kumetokea jambo. Mkurugenzi hana subira. Bila kuniambia aliingia kwenye tovuti akaandika maneno ya ufunguzi: "Karibuni Katika Hazina Yetu ya Maarifa." Kisha akayapamba. Chini ya maneno akaweka nyota kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, kama arobaini hivi, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakipamba barua enzi za taipu.

Tovuti ikaganda. Hakuna aliyeweza kusoma chochote, hakuna aliyeweza kuomba likizo. Saa tatu nzima!

Nikamwambia Mkurugenzi kwamba seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ni nzee na joto limeizidi. Akasikitika. Akatuma feni kutoka ofisini kwake, ikawekwa mbele ya seva. Seva ikapulizwa na bado ikaganda.

Bibi Vipimo ndiye aliyeligundua. Akasema fomula yangu, ikikuta nyota nyingi mfululizo, hujaribu kuozesha kila nyota na kila nyota nyingine kwa kila njia inayowezekana. Kwa nyota arobaini, harusi hizo zisingeisha mpaka wajukuu wetu wastaafu. Akasema bado hatujachelewa, kesho mchana anaweza kuunganisha maktaba iliyopimwa, na jina langu likabaki juu ya kazi.

Jina langu juu ya mitumba! Nikamshukuru kwa ubaridi. Nimeamuru programu ifute nyota zote zikizidi tano. Tatizo limekwisha. Mapambo ya Mkurugenzi yamekwisha pia, lakini nimemweleza kwamba ukubwa wa siku hizi ni wa utulivu.

Jumanne, 23 Juni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakuwahi kufikiria kuhamisha kitanda.

Nimesikia Bibi Vipimo akiongea na simu. Kesho saa nne asubuhi anang'olewa jino. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi na kumwambia kazi iko tayari, na muda mzuri wa kuionyesha ni kesho, saa nne asubuhi. Akauliza kama mwenzangu atakuwepo. Nikasema ana udhuru wa afya na amenituma nimwakilishe.

Hakunituma. Lakini angekuwa na akili angenituma.

Jambo la pili. Sitafungua tovuti yenyewe mbele za watu. Tovuti ni kama mtoto mdogo, wageni wakija ndipo inapotapika. Nimepiga picha za kurasa tatu nilizozitengeneza vizuri kwa mkono, na hizo ndizo nitakazoonyesha ukutani. Nitakuwa nagusa kipanya kidogo kidogo ili waone nabofya.

Jumatano, 24 Juni

Ushindi!

Wakuu wote wa idara walikuwepo. Vichwa vya habari vikubwa, hatua zimepangwa, maneno ya hatari kwa herufi nzito. Mkurugenzi alisimama mara mbili bila sababu. Mhasibu akaomba nibofye kiungo cha chini. Nikamwambia nidhamu ya maonyesho hairuhusu kurukaruka.

Mkurugenzi akaagiza mfumo uwashwe kituo cha pampu leo hii, saa nane. Nikawasha. Akanishika bega na kuniuliza kama napenda kiti cha kuzunguka au kisichozunguka. Kinachozunguka!

Saa tisa simu ya Fundi Mkuu. Sauti kama injini inayotaka kuwaka. Ameniuliza vile vistari viwili vinafanya nini kwenye mfumo huu mpya, kwa sababu amesikia nimeviongezea kazi, na yeye anavitumia sana katika maandishi yake. Ndipo anapopumulia, alisema.

Nikamwambia niko mkutanoni. Sikuwa mkutanoni, nilikuwa napima urefu wa dirisha la ofisi yangu mpya. Lakini mtu hawezi kukatizwa furaha yake na vistari.

Bibi Vipimo amerudi alasiri, shavu limevimba. Akasikia habari. Alitaka kusema kitu, ganzi ikamzuia. Siku njema kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 25 Juni

Asubuhi maji hayatoki. Mama mkwe alikuwa bafuni, sabuni usoni, na macho yenyewe ndiyo yale ya kutibiwa. Kelele alizopiga zilisikika hadi kwa jirani, ambaye naye alikuwa akipiga zake. Upande wote wa juu wa mji ni mkavu.

Mke wangu akaniuliza, wewe si ndiye mtu wa maji? Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa tovuti, na kwamba pale pampu kumejaa wazembe wasiojua hata kusoma maelekezo.

Nikaenda kazini nikiwa nimevaa tai.

Simu zote zinalia. Binti wa mapokezi analia. Hospitali wanasema akiba yao ni ya saa mbili na wodi ya wazazi imejaa. Nje ya kituo cha pampu barabara imekuwa mto, watu wameegesha magari katikati yake wanaosha bure. Mkurugenzi alikwenda kujionea mwenyewe, akarudi na viatu mkononi.

Fundi Mkuu ndiye aliyeokoa jahazi. Alikuwa anakuja kazini kwa miguu, akasikia mlio wa maji chini ya mtaro, akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini! Akafunga koki nyekundu kwa mikono yake, mizunguko ishirini. Hospitali ilikuwa imebakiwa na dakika ishirini na tano. Kwetu maji yamerudi saa kumi, ya rangi ya chai.

Nimejiuliza mchana kutwa ni mpumbavu gani amefanya haya. Mshika zamu, bila shaka. Ana sura ya mtu anayeacha koki wazi.

Ijumaa, 26 Juni

Kikao. Mkurugenzi kichwani mwa meza, viatu vipya. Fundi Mkuu, mikono imefungwa bendeji. Mshika zamu. Bibi Vipimo. Mimi nimekaa karibu na Mkurugenzi, mahali pa Mkuu wa Kitengo mtarajiwa.

Mshika zamu, mtu mzima mwenye mvi, akaulizwa alifanya nini. Akasema alifanya kilichoandikwa. Akatoa simu akafungua ukurasa wa kusafisha tangi, akasoma kwa sauti. Hatua ya kwanza: zima pampu. Hatua ya pili: fungua koki nyekundu ya chini, uchafu utoke. Hatua ya tatu: subiri uchafu uishe. Hapo mbele maneno yote yamekatwa mstari, hatua ya nne, ya tano, mpaka ndani ya sita. Kisha yanatokea maneno mawili yasiyokatwa: "ndiyo, tena." Halafu hatua ya saba: washa pampu, andika daftari.

Kwa hiyo alisubiri uchafu uishe. Ulipoisha, akasubiri tena kama alivyoagizwa. Kisha akawasha pampu akaandika daftari. Na pampu ikasukuma maji ya mji mzima kupitia koki iliyo wazi hadi barabarani.

Mkurugenzi akauliza kwa nini hakushangaa. Akasema alishangaa, lakini alidhani Fundi Mkuu mwenyewe ndiye aliyezifuta hatua hizo. Amefundishwa naye miaka tisa. Mkuu wake akifuta, yeye ni nani hata afufue?

Fundi Mkuu akatoa karatasi, maneno yake ya asili. Mkurugenzi akayasoma taratibu:

"3. Subiri uchafu uishe -- usiwe na haraka. 4. Funga koki nyekundu, mizunguko ishirini. 5. Weka mkono chini yake uone kama inadondoka. 6. Zunguka tangi, ukirudi weka mkono tena -- ndiyo, tena. 7. Washa pampu, andika daftari."

Kila mtu akaviona vile vistari. Kimoja mlango wa kuingilia, kingine wa kutokea, na koki imefungiwa katikati.

Nikajitetea vizuri sana. Nikasema kosa ni la mwandishi. Mtu aliyesoma hupumulia kwenye mkato au nukta, si kwenye vistari viwili. Programu yangu ilifanya kazi yake bila doa.

Fundi Mkuu hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, wewe umekata maneno, na maneno yamekata maji. Mimi nilikupigia simu kuuliza."

Mkurugenzi akaniuliza nilikuwa mkutano gani saa tisa. Nikasema mkutano wa dirisha. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akamuuliza Bibi Vipimo alikuwa na udhuru gani hata akanituma. Akasema hakumtuma mtu. Akafungua kijidaftari. Mle ndani, kwa mwandiko wake mdogo mdogo, kulikuwa na maswali kumi na manne aliyoniuliza tangu tarehe kumi na sita, na mbele ya kila swali jibu langu. Mkurugenzi aliyasoma yote. Alipofika kwenye kinyozi na kichwa, akaivua miwani.

Uamuzi: programu yangu izimwe. Maktaba iunganishwe. Nami kuanzia Jumatatu niende kituo cha pampu, nikae na Fundi Mkuu, tupitie kurasa zote sitini na nne neno kwa neno, mpaka kila moja ionekane kama alivyokusudia.

Bibi Vipimo alianza kuunganisha saa sita. Saa kumi kasoro robo alikuwa amemaliza, pamoja na kupima. Kweli mchana mmoja. Lakini kunakili ni rahisi kwa kila mtu.

Jumatatu, 29 Juni

Kituo cha pampu. Kelele, grisi, stuli isiyo na mgongo. Mimi nasoma kwa sauti, Fundi Mkuu anasikiliza akiwa amefumba macho, mshika zamu anafuatisha kwenye kioo. Nikikosea pumzi ananirudisha mwanzo wa sentensi. Mimi! Ananifundisha kusoma!

Nakiri baadhi ya kurasa si mbaya. Ukurasa wa arobaini na moja unasimulia bomba kuu lilivyopasuka na yeye akasimama ndani ya maji kwa muda wa saa sita, ameshikilia kiungio kwa gunia na mnyororo mpaka wenzake wakaleta kipande kipya. Hakuandika kwamba aliogopa. Ameandika tu: "Usikae upande wa chini -- mimi nilikaa." Mshika zamu alijifuta uso. Akasema ni grisi.

Nilimuuliza Fundi Mkuu kwa nini ang'ang'anie vistari hivyo. Akasema pale alipoviweka ndipo mtu anapotakiwa asimame na kufikiri kabla ya kushika kitu. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Jumanne, 30 Juni

Tumemaliza ukurasa wa sitini na nne saa tano. Saa nane akaagwa.

Ukumbi umejaa. Kurasa zake zikaonyeshwa ukutani, safari hii moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Mhasibu akaomba kubofyewa kiungo. Kikabofywa, kikaenda. Makofi. Kiungo! Watu wazima wanapigia makofi kiungo. Vistari vyake vyote vipo, vimesimama kama vistari, havikati chochote. Fundi Mkuu akautazama ukurasa wa kwanza, kisha akamkabidhi mshika zamu funguo, na yule bwana akazipokea kwa mikono miwili.

Mkurugenzi akatangaza Mkuu wa Kitengo. Simtaji. Nilipiga makofi matatu, la tatu sikulimaliza.

Wakati wa kuondoka Fundi Mkuu alinipa mkono wake wenye bendeji. Akasema, "Ukikuta kitu kimeandikwa, mwanangu, kisome kwanza."

Niligeuka kutazama anayeambiwa. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Jumatano, 31 Juni

Naanza upya, na safari hii hawataniweza.

Mkuu mpya wa Kitengo ameniita asubuhi kwenye kiti chake (kinazunguka, yeye hakizungushi, hasara tupu). Amenipa kazi ndogo ya kuponyea majeraha: kila ukurasa wa tovuti uonyeshe tarehe ya leo pale juu. Akasema haihitaji kupakua chochote, Python yenyewe inakuja na chombo cha kushughulikia tarehe, nikitumie tu. Akanisihi. Akasema tarehe zina mitego mingi.

Mitego! Siku inakwisha, nyingine inaanza, kuku wanalijua hilo. Nimeandika yangu mwenyewe, mistari kumi na miwili, kabla ya saa nne. Nimeondoa upuuzi wote wa mwezi huu mrefu na ule mfupi. Miezi yote sawa, siku thelathini na moja kila mmoja, bila upendeleo. Nimeiwasha tovuti nzima bila kumsumbua mtu kwa vipimo. Tayari tangazo la mishahara limejisogeza mbele siku moja, na simu za mezani zinalia. Nadhani ni pongezi.

Mke wangu anang'ang'ania kwamba leo ni tarehe mosi Julai. Ameniletea kalenda ya ukutani kama ushahidi. Kalenda iliyochapwa na wauza matairi!

Nimemwambia kwa upole kwamba Julai inaanza kesho.